Simu Ambayo Haikupigwa

Mabibi na mabwana mnaosoma ukurasa huu, wakubwa shikamooni. Msimamizi amekubali kunifichia jina, nami namshukuru, kwa kuwa ninayoyasema yanawagusa watu ninaokula nao meza moja. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Arusha, na tangu mwaka huu ni ofisa wa kumbukumbu katika halmashauri moja. Ninaandika kwa hasira, na sitaiombea radhi.

Mara mbili nilianguka kwenye mtihani wa mchujo. Nyumbani kwetu Kimandolu kila mtu alikuwa na maelezo yake: nafasi zina wenyewe, majina hupangwa mapema, mtihani ni geresha, jopo huuliza ukoo kabla ya elimu. Mara ya tatu niliomba kimyakimya. Aliyejua ni mama peke yake. Makande yakichemka jikoni, alikuwa akiniuliza maswali kutoka kwenye karatasi zangu, akijikwaa kwenye maneno ya sheria hadi tukacheka. Nikafaulu mchujo, nikafaulu mahojiano, nikapangiwa kituo.

Tukafanya ibada ya shukrani. Mchungaji alipomaliza kuombea chakula, Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba yangu na muuza mbao wa Kijenge, akasimama na kuvuta koti lake vizuri.

"Jamani, mimi sipendi kujisifu," alisema. "Nilipiga simu moja tu. Moja!"

Vigelegele vikapasuka. Nikamtazama mama, nikingoja akanushe. Mama aliinuka, akamvika Baba Mdogo blanketi la heshima, akasema, "Shemeji, bila wewe tungekuwa wapi?"

Wageni walipoondoka nilimuuliza Baba Mdogo alimpigia nani. Akacheka. "Mwanangu, mambo ya wakubwa hayatajwi majina. Halafu jiulize, mbona ulifeli mara mbili, wakati sijapiga?"

Ndugu zangu, mtu anathibitishaje kwamba simu haikupigwa? Siku niliyopangiwa kituo ndiyo siku bwana huyu alipojua kwamba niliomba kazi!

Nilipomlalamikia mama, alinijibu, "Alisimama na sisi baba yako alipofariki. Mpe hiyo heshima, haikupunguzii mshahara."

Huenda ningeimeza. Lakini shangazi yangu, mjane anayelima na kufuga huko chini ya Mlima Meru, sasa amemwahidi Baba Mdogo mtamba wake, ng'ombe pekee aliyebaki zizini, ili apige simu kwa ajili ya binti yake aliyeitwa kwenye usaili wa mchujo. Mtamba atachukuliwa Jumamosi. Nilimpelekea binti huyo karatasi zangu za kujisomea, akanirudishia hata hajazifungua.

"Dada, nisome ya nini? Wewe si ulipigiwa?"

Ana akili kunizidi, nalisema hilo bila unyenyekevu wa bandia. Lakini ataingia kwenye chumba cha mtihani hajasoma kitu, atafeli, na ukoo mzima utasema mtamba mmoja hakutosha. Hivyo ndivyo uongo huu unavyojilisha: ukifaulu, umebebwa, ukifeli, hukubebwa vya kutosha. Jasho la mtu halina nafasi popote.

Nilikwenda kwa shangazi kumweleza ukweli. Alinisikiliza, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mtu akishapanda hupenda kuondoa ngazi." Anaamini nina wivu. Atakayemsadiki ni mama yangu tu, kwani ndiye aliyekuwapo jikoni.

Nimemsihi mama aende. Hakuinua hata sauti. "Nikimvua nguo shemeji yangu, nimejivua na mimi. Nilisema yale mbele ya mchungaji. Unataka nirudi kanisani na uso gani?" Akaongeza kwamba nikimtaja kama shahidi, nisimwite mama tena.

Nawageukia ninyi mlioingia kwenye usaili na kutoka na kazi bila kumjua mtu yeyote, nanyi wazazi mnaoujua uzito wa aibu. Nimtaje mama mbele ya shangazi kabla ya Jumamosi, nimpoteze? Au nimstiri mama, na mtamba aende, na binti yule aende naye? Nishaurini nifanye nini. Lolote mtakaloniambia nitalisikia, ila msiniambie nivumilie.