Dawa Chini ya Sidiria

Mama Sidiria aliuza sidiria za mitumba mlango kwa mlango, na mdomo wake haukuwa na breki. Zamani alikuwa mhudumu wa baa. Alipopata majibu kuwa ana virusi vya UKIMWI alilia siku mbili, ya tatu akaanza dawa, ya nne akarudi kubishana na watu. Kwa hiyo zahanati ilipotafuta mtu wa kuwapelekea dawa wanawake wanaoishi vyumba vya nyuma ya baa, nesi hakuhangaika, alimwita yeye.

"Dada, wewe unaingia kila chumba na hakuna anayekuuliza."

Wanawake wale, saba kwa jumla, waliikimbia zahanati siku karani wa mapokezi alipopaza sauti, "Nyie wa baa, kaeni upande ule!" Mdogo wao, Kipepeo, aliacha dawa miezi minne mizima, mpaka nesi alipomfuata akampima na kumwanzishia upya.

Mama Sidiria alipanga makopo ya dawa chini ya mfuko, akayajaza pamba yasilie, juu akatandaza sidiria. Akifika, mlango unafungwa. Wanajaribisha sidiria, wanapokea dawa, wanamsengenya karani.

"Shangazi, kidonge chenyewe kama kifungo cha koti!" Kipepeo alilalamika.

"Umemeza uongo wa wanaume mkubwa kuliko hicho. Haya, maji."

Jumanne moja asubuhi, meneja mpya wa baa akamzibia njia kwenye korido.

"Unawauzia madawa ya kulevya!"

Akaupindua mfuko. Sidiria zikamwagika, moja ikamnasa kwenye saa. Kopo likabingirika hadi kiatuni kwake, akaliokota. Karatasi ya jina la dawa ilishabanduliwa.

"Nini hiki?"

Mama Sidiria akautazama mkono wa meneja kwa huruma.

"Umeshika kwa mkono mtupu, kaka'angu? Dawa ya upele hiyo. Korido nzima wanao. Leo vidole, kesho... basi, nisiseme, una mke."

Kopo lilidondoka. Meneja akanawa, akanawa tena. Kufika mchana alikuwa anajikuna shingo. Saa kumi alikuwa anasugua mgongo kwenye fremu ya mlango, wateja wakimkodolea macho. Tangu hapo hakukanyaga korido ile.

Nesi aliposikia alicheka hadi akashika meza, kisha akakaza uso. "Nenda kamwambie hana upele."

"Nimemwambia. Anasema namficha."

Miezi sita baadaye nesi mwenyewe alikuja vyumbani kuchukua damu. Majibu ya Kipepeo yaliporudi, yalisema virusi havionekani kwenye damu, dawa imevidhibiti. Kipepeo akataka kuibandika karatasi ukutani. Mama Sidiria akamshauri aitunze kabatini, lakini kwanza wakaketi kitandani, wakaisoma tena wote wawili, taratibu, neno kwa neno.