Kikombe cha Kwanza ni cha Mwenye Nyumba

Nakumbuka alasiri moja ya msimu wa pamba, mwanangu, mshenga na wazee wawili walipoingia uani kwetu Kasoli. Walitoka Lalago, na aliyekuwa akiposwa ni mimi. Ng'ombe walikuwa wameshakubaliwa. Kilichobaki ni wageni kunywa cha nyumba ile, kwani asiyekunywa kwa watu hajakubali undugu nao.

Kaka yangu Masanja alikuwa amerudi kutoka Mwanza, alikofanya kazi baa. Akasema pombe ya mtama ni ya kila siku; wakwe wapewe kitu cha kukumbukwa. Nilimsaidia jikoni. Tulichemsha asali ya porini kwa maji kidogo na tangawizi iliyotwangwa. Akapasua pilipili, akaitumbukiza, akaiopoa kabla haijalainika. Tukachuja, tukaupoza mchuzi ule kwenye beseni la maji ya kisima, ndipo akakamua ndimu na kumimina wiski. Akaonja. Akaongeza asali, akaonja. Akarudisha pilipili, akaonja tena. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Kaka nusura amalize na chupa.

Akatoka na jagi, akawamiminia wageni, akasimama pembeni, mikono nyuma. Hakuna aliyeinua kikombe.

"Karibuni, wazee wangu. Hiki ni cha mjini."

"Cha mjini tumekiona," alisema mshenga. "Anayekitoa ndiye hatujamwona akinywa."

Kwetu, mwanangu, mwenye nyumba hunywa kwanza mbele ya mgeni. Tunaita kutoa sumu. Baa mambo ni kinyume: mhudumu akionja glasi ya mteja, anafukuzwa kazi. Kaka alikaa huko hadi mkono wake ukasahau kwao.

"Nimeonja jikoni, mzee."

"Jikoni sisi hatukuwapo."

"Labda anawataka ng'ombe wetu tu," mzee mmoja alidakia, "sisi wenyewe tusirudi."

Hakuna aliyecheka. Mshenga akaishika fimbo yake. Mimi nilikuwa nikichungulia nyuma ya mlango, na mdomo wa mwali haufunguki mbele ya wakwe. Niliiona ndoa yangu ikiinuka benchini polepole, ikiiegemea fimbo ile.

Ndipo bibi yetu akatoka ndani. "Mwadila, wageni," akawasalimu, akajimiminia kutoka jagi lile lile, akanywa mbele yao hadi chini. Machozi yakamtoka. Akakohoa.

"Masanja! Umetia pilipili au kaa la moto?" Akajifuta mdomo kwa upande wa kanga. "Kunyweni, wakwe. Kikiniua, mtanizika na kumchukua binti kwa safari moja."

Mshenga akacheka hadi fimbo ikaanguka. Akanywa, akakohoa kumshinda bibi. "Nyumba hii ina moto," akasema, akinyoosha kikombe aongezewe. "Mtoto wetu ajipange."

Wageni walipoondoka, bibi hakupaza sauti. Alimwita kaka, akamwambia, "Kinywaji chako ni kitamu. Lakini mgeni hanywi utamu, mjukuu wangu. Anakunywa uso wa aliyemwandalia." Kaka akainama. Nami nimeishi Lalago miaka mingi, nikazaa na kuzika huko, na sijasikia neno linalolipita lile.

Siku hizi nakuona hapo Bariadi, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, ukipima wiski na asali kabla rafiki zako hawajafika. Sikukatazi. Mimi pombe nimeshaiacha, na pilipili usiyoila yakuwashiani? Ila chukua haya ya mtu mzima. Asali ichemshe taratibu, pilipili itoe mapema. Jagi moja liache bila wiski, kwa asiyekunywa na kwa yule aliyekuja na pikipiki, usimcheke. Kisha vikombe vitoke nje vikiwa vitupu. Jimiminie wewe kwanza, unywe wakikutazama. Na siku utakayoona mkono wako unasita kukipeleka kikombe mdomoni, mwaga chini, usimpe mtu.

Mungu akupe nyumba isiyokosa wa kupiga hodi, mwanangu, na kila atakayekunywa kwako aamke salama, akutaje kwa wema.