Jumamosi za Kutasa, Erdington

Majani yaliyolowa mvua hadi yakaanza kuoza yana harufu nzito inayong'ang'ania puani. Ndiyo iliyokuwa harufu ya bustani yetu ya nyuma, Erdington, huku ughaibuni, msimu ule nilipokuwa na miaka kumi, Bibi alipotoka Wundanyi kuja kumlea mdogo wangu mchanga, Mwakio. Bustani naiita kwa heshima tu. Kilikuwa kipande cha nyasi, mapipa mawili ya taka na ua wa mbao uliotetemeka kila treni ilipopita. Bibi alikuwa mama mzazi wa Mama. Mama alikuwa nesi wa zamu, mwanamke aliyeokoka na asiyetaka mchezo, na nyumba ilipumua akitoka. Jumamosi ya kwanza, mlango ulipofungwa tu, Bibi alinivisha koti, akanitoa nje na kikombe cha maji. Nilidhani nimekosa, kwa sababu hakutabasamu hata kidogo.

Alikuwa ananifundisha kutasa. Kwetu Taita, alisema, mtu mwenye kinyongo hujaza maji kinywani, au pombe ya miwa kama ipo, akayapuliza chini kama manyunyu, kisha akasema kilichomuumiza na kumwachilia aliyemkosea. Hasira isiyotolewa haifi, inatoka yenyewe kutafuta mtu, na aghalabu humkuta aliye mdogo kabisa nyumbani. Nilitazama dirisha la juu, alikolala Mwakio. Somo lenyewe Bibi aliligawa mara mbili: kwanza maneno ya kuitaja hasira, baadaye maneno ya kuipoza. Yalikuwa ya Kitaita, lugha nisiyoijua, nami niliyakariri sauti kwa sauti huku nikinung'unika kwa Kiingereza. "Samaki mkunje angali mbichi," alikuwa akisema, akinifinya shavu. Ila kwa jambo moja hakufanya utani. Nisije nikaitaja hasira halafu nikaiacha njiani. Wiki sita nzima nilijifunza kutaja. Kupoza kungeanza Jumamosi ya saba.

Jumatano ya wiki hiyo, shuleni, rafiki yangu Hodan aliwaambia wenzetu kwamba koti langu lilikuwa la mtumba. Lilikuwa la mtumba kweli, ndiyo maana iliniuma. Nilijaza maji kinywani kutoka kwenye chupa yangu, nikapuliza chini, nikaitaja hasira yangu yote bila kukosea hata neno moja, na nikajivunia. Nusu ya maji ilimwangukia Hodan viatuni. Mwalimu aliona mtoto anayemtemea mwenzake mate. Mama aliitwa akiwa bado na sare ya kazini. Mwalimu aliuliza kwa upole, upole ule unaotisha, ni nani aliyenifundisha. "My grandma," nikasema, na akaandika. Ningeweza kueleza zaidi. Niliogopa, nikamwachia Bibi mzigo wote. Kwenye basi Mama hakunitazama hata mara moja.

"Mama, hapa si Wundanyi," alisema tulipofika, koti bado mwilini. "Mtoto akitemea watu mate shuleni, kesho social services wako mlangoni kutunyang'anya watoto. Na haya mambo nilikuambia sitaki kwangu. Sisi tumeokoka."

"Sikumfundisha kutema," Bibi alijibu. "Nilimfundisha kusamehe. Ungeniuliza kwanza, mwanangu."

Mama hakuuliza. Usiku ule ule alibadilisha tiketi, Bibi asafiri Jumatatu. Siku zilizofuata walipishana jikoni kama wapangaji, na Jumamosi ya saba ikapita bila mtu kutoka nje. Hasira hasara, husema wahenga, lakini wahenga hawakuishi katika nyumba ile. Jumapili Mwakio alianza kukohoa. Kufika jioni kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi, na mbavu zinaonekana kila anapovuta pumzi. Mama alisema ni ugonjwa wa msimu, wodi zimejaa watoto wa namna hiyo, akambeba hospitali. Lakini mimi nilijua ni nani aliyeitaja hasira akaiacha njiani. Sikumwambia mtu.

Bibi aliondoka mtoto akiwa bado amelazwa. Mama hakutoka wodini kuja kumuaga. Baba, ambaye ugomvi wao hakuuingilia, akiwa anapakia sanduku kwenye teksi, Bibi aliniinamia. "Nina uchungu na mama yako," alisema. "Nilitaka kuutoa mbele yake, akakataa kusikia. Naondoka nao." Hakuninyooshea kidole, na hilo liliniumiza kuliko kofi. Mwakio alipona baada ya siku tisa. Bibi alifariki mwaka uliofuata, yeye na Mama hawajasemezana.

Sasa nina watoto wangu, tunaishi Kings Heath, jiji lile lile. Siku hizi kuna madarasa ya mila Jumamosi ukumbini kanisani: watoto wanavaa shanga, wanacheza ngoma, wanapigwa picha, na mimi ndiye wa kwanza kupiga makofi. Mwacha mila ni mtumwa, tunawaambia. Lakini hakuna anayewafundisha la kufanya na uchungu wao, kwa kuwa sisi wenyewe hatujui. Mwakio, mtu mzima sasa, hajampigia Mama simu tangu Pasaka, na kisa chenyewe hata hakieleweki. Mwezi uliopita nilimtembelea Mama kwake Acocks Green. Alikuwa akimenya viazi. Bila kuinua macho aliniuliza kama bado nayakumbuka maneno ya mama yake.

Nilimwambia ukweli: najua kuitaja hasira tu, kuipoza sikufundishwa.

"Basi taja hiyo unayoijua," akasema.

Nilikataa. Nikamwambia naogopa.

"Hata mimi," alisema Mama, na kisu kikasimama mkononi mwake. "Tangu siku ile Mwakio alipolazwa."