Mgongo wa Clarrie Tunks

Daktari alimkataza Clarrie Tunks kuinama na kuinua kitu kizito mpaka mgongo aliopasuliwa na kutiwa skrubu upone. Clarrie, mkata manyoya ya kondoo tangu ujana, alikuwa ameacha hata sigara kabla ya upasuaji. Alitii hadi siku alipopita kwenye banda la kukatia manyoya kuwasalimu wenzake.

"Bi harusi kafika!" shemeji yake Merv alimcheka. "Ufagio ule pale, mwali."

"Rudia, shemeji, utakiona cha mtema kuni."

"Mwali!"

Clarrie alimtandika ngumi ya mdomo, meno yakaruka. Merv alipoanguka, Clarrie aliinama, akamnyanyua kwa mkanda na kumbwaga kwenye boriti ya zizi. Hapo skrubu za mgongoni ziling'oka, naye akaanguka akipiga mayowe, miguu imepooza.

Wenzake husema alilinda heshima yake. Heshima hiyo ilimgharimu miguu yote miwili.