Darasa Lisilosikika

Wiki iliyopita mwalimu mwenzangu alichungulia darasani kwangu, hapa Same mjini, akaniuliza kama nimewapa watoto adhabu. Walikuwa kimya, kila mmoja na kitabu chake, nami na changu. Nilicheka, lakini tangu siku hiyo situlii. Mawazo yanapanda milimani tu, kijijini nilikokulia.

Shule yetu, rafiki yangu, ilikuwa juu kidogo ya jiko la bibi. Bibi alipika makande huku sikio lake likiwa darasani, maana kwetu shule ilipimwa kwa sauti. Tukisoma kwa pamoja mpaka mabati yakatetemeka, waliokuwa wakichimba tangawizi bondeni walisema watoto leo wanasoma kweli.

Kisha akaja mwalimu mgeni wa Kiswahili, na sanduku la vitabu vyake mwenyewe. Kila asubuhi alituacha tuchague, tusome kimoyomoyo. Hakutuuliza maswali. Alisoma na yeye, akicheka peke yake, nasi tukitamani kujua anacheka nini. Mimi nilichukua hadithi ya msichana anayemtafuta punda wake aliyepotea. Nilisoma polepole mno, lakini hakuna aliyeniharakisha.

Mchana bibi akanikaribisha kwa maswali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo mwalimu wenu hakuja?"

"Alikuja, bibi. Tulikuwa tunasoma."

"Kusoma gani huko kusikosikika?"

Na si bibi peke yake. Kijiji kizima kilinung'unika, mpaka kikaitishwa kikao cha wazazi. Mwalimu akasimama akawauliza habari za ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, linalokusanya maji usiku kucha ndipo lifunguliwe asubuhi.

"Ndiva ikiwa inajaa, wazazi wangu, huwa mnaisikia?"

Walicheka sana, wakakataa vilevile. Tukarudi kwenye kelele zetu. Muhula uliofuata mwalimu alihamishwa, akaondoka na sanduku lake, na punda wangu alikuwa bado hajapatikana.

Nililia. Bibi akanipakulia makande ya juu juu, yenye maharage mengi, akasema subira huvuta heri. Nimesubiri mpaka mvi zimeniota. Nimeulizia kitabu kile Same na Moshi, na jina lake lenyewe sikumbuki, basi wauzaji wananiona kituko. Bibi hayupo tena. Jiko limebaki mafiga, ndiva imejaa tope, na yule mwalimu sijui aliko. Lakini punda bado ananisumbua.

Jana kengele ya kwenda nyumbani ililia, watoto wakatoka mbio, akabaki binti mmoja mwenye kusoma polepole, kidole kati ya kurasa.

"Mwalimu, naomba niende nacho."

Vitabu vyetu haviruhusiwi kutoka, hufungiwa kabatini, na ufunguo ninao mimi. Nilitazama kabati. Nikatazama kile kidole.

"Nenda nacho," nikamwambia. "Ukakimalize."