Breki Iliyopewa Alama Moja

Fundi wa lifti katika jengo lile la ghorofa nyingi alikuwa mwanamke mwenye mikono ya grisi na mdomo usioishiwa utani. Wapangaji walimwita Mama Lifti. Mbele ya chuma hakubabaika. Kichwa kilianza kumzunguka siku mhandisi alipomwita chumba cha mikutano.

"Tunataka kujua lifti inaweza kuharibika vipi, kabla haijaharibika," mhandisi alisema. "Hitilafu?"

"Mlango haufungi."

"Chanzo?"

"Mota ya mlango imekufa."

"Athari?"

"Watu wanapanda ngazi huku wananitukana."

Mhandisi akacheka. "Vizuri. Sasa tuitazame mota peke yake. Hapo mota kufa ndiyo hitilafu, mlango kutofunga ni athari."

"Si sasa hivi tu mlango ndio ulikuwa hitilafu?"

"Inategemea umesimama wapi."

Mama Lifti akajitazama miguu. Alikuwa amekaa.

Wakafika kwenye alama. Kila hitilafu ilipewa tatu, kila moja kati ya moja na kumi: ukali wa madhara, wepesi wa kutokea, ugunduzi. Ukizizidisha, penye jibu kubwa ndipo panapokaguliwa kwanza. Breki hulika kimyakimya, hakuna anayegundua. Ugunduzi hamna, aliwaza, akaipa moja. Breki ikaangukia mkiani mwa orodha. Mhandisi, simu sikioni, hakuona.

Wiki hiyohiyo mama mkwe wa Mama Lifti alipita kazini kumletea ufunguo wa nyumba. Alipokuwa akishuka peke yake, lifti ikapitiliza ghorofa ya chini, ikasimama kwa kishindo. Mama Lifti akashuka ngazi mbio, akafungua mlango kwa nguvu, akamvuta mkwewe juu, mzima.

"Mwanangu, si ndiyo hii unayoitengeneza wewe?"

"Ndiyo, mama."

Yeye na mhandisi walipofungua mashine wakakuta breki imekwisha.

"Ugunduzi uliupa moja?" mhandisi akashangaa. "Moja ni kitu kinachoonekana kirahisi. Kisichoonekana ni kumi!"

"Yaani nisipoona ndiyo napata alama nyingi? Shuleni ilikuwa kinyume."

Mhandisi akakuna kichwa. "Nilipaswa kukwambia mapema."

Wakafunga breki mpya na kusahihisha alama. Breki ikapanda juu kabisa.

Jioni, mezani, mama mkwe akataka kujua hasa kilichotokea.

"Breki kulika ndiyo hitilafu, mama. Au ndiyo chanzo? Lifti kupitiliza ni athari... ila kwa lifti yenyewe, hiyo ndiyo hitilafu..." Akaanza upya, akakwama palepale.

"Basi, mwanangu. Kula kwanza."

Akala, asijue anachotafuna.