Mtani Aliyekula Tonge la Kwanza

Tulikuwepo sheikh wa msikiti wetu, wana wa marehemu, jirani muuza samaki, vijana waliochimba, mimi na mdogo wangu. Wanawake walibaki nyumbani. Hao ndio waliofika makaburini Tingi kumzika mtani wetu, mkulima wa korosho. Habari ya kifo chake ilinikuta Lindi. Nilisema Innalillahi, nikaendelea kukunja magunia. Mpaka leo sijalia, na sijui kilio kimekwama wapi.

Mnaonisoma mara kwa mara mnajua niliacha shule mapema, wazazi walipofariki, nikabaki na mdogo wangu wa kumlea. Alipofika umri wa kuoa akaanza kukataa chakula nilichopika, akidai kimetiwa kitu. Akawa halali, anajibizana na ukuta. Wengine waliita kiburi, wengine majini. Wote walinipa pole, wakaondoka. Ukoo wa marehemu na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na mtani husema asichoweza kusema mwingine. Siku moja marehemu alipita kwetu; nilipomwamkia, akanijibu, "Shikamoo haijazi tumbo. Kuku yuko wapi?" Kisha akamtazama mdogo wangu kwa muda. "Huyu si mkorofi, anaumwa. Wenzako wanaona haya kukwambia. Mimi mtani, haya nitaitoa wapi?" Nikamwambia tumeshamsomea dua. "Endeleeni. Dua haijamkataza mtu kupanda gari la hospitali."

Alikuwa amemuuguza mkewe miaka mingi, ndiyo maana alijua. "Hizo sauti usibishane nazo," alinifundisha, "wala usijifanye unazisikia. Mwambie: mimi sizisikii, lakini nipo." Wakati wa chakula aliketi jamvini na mdogo wangu, akala tonge la kwanza yeye. "Nikifa na hiki, utanizika bure, mtani!" Mdogo wangu akacheka, akanyoosha mkono. Nilipokuwa safarini na korosho, ni yeye aliyempeleka kliniki. Mdogo wangu hakupona kabisa kama aponavyo mwenye malaria. Anameza dawa, analima, siku nyingine hulala mchana kutwa.

Pale makaburini, kabla maiti hajashushwa, mdogo wangu akaingia kaburini, akajilaza. "Hazikwi mtu hapa! Huyu amekula tonge langu, alirudishe kwanza." Ndivyo watani wanavyofanya kwetu, kila mtu anajua. Lakini majembe yalisimama. Nikasikia mtu akinong'ona, "Ugonjwa umempanda tena." Nilimtazama mdogo wangu, naye alikuwa akitutazama, akingoja ajibiwe. Akajibu mwana mkubwa wa marehemu, macho yamemvimba: "Toka, mtani! Kaburi halipangishwi, na wewe kodi huna!" Watu wakacheka, hata sheikh akageuka pembeni kuficha meno. Mdogo wangu akatoka, akajikung'uta mchanga, akasaidia kumpokea mtani wake.

Tangu siku hiyo nawaza kwamba mengi tunayoyaita heshima ni woga tu. Tulimwachia mtani kazi ya kusema "mwenzenu anaumwa", kana kwamba mgonjwa anaweza kungoja mpaka awe na mtani. Jirani na kwetu yuko binti ambaye siku hizi halali na hataki chakula cha mama yake. Ukoo wao hauna utani na wetu. Jana nilikutana na mama huyo kisimani, akasema hawajambo, nami nikaitikia vivyo hivyo. Deni ninalodaiwa na marehemu liko kwenye mlango wao, na bado sijabisha hodi.